Konokono wa Lambo la Masanja

Mimi ni mtu wa barazani. Duka langu liko mbele ya nyumba yangu, Sumbawanga mjini, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ni kufungua mlango wa sebule. Mtaani walikuwa wakinitania kwamba siku nikifika stendi nitaulizwa pasipoti. Mchele na samaki wa bonde la Rukwa nimekula tangu utotoni, lakini bonde lenyewe nilikuwa sijalishuka hata siku moja. Lilikuwa linaniletea chakula, na mimi nilikuwa nalipelekea salamu. Tulielewana.

Aliyenitoa barazani ni konokono. Ndugu zangu wa mtaani ambao mmeisikia habari hii kwa vipande, kila kipande na chumvi yake, naomba sasa muisikie kwangu, tangu mwanzo.

Aneth, mtoto wa dada yangu, alikuwa akisoma chuo kikuu Dar es Salaam, kwenye mambo ya viumbe. Mwaka ule, mvua zilipokatika, alishuka basini Sumbawanga na kreti la chupa ndogo tupu, gambuti mbili na chekecheke lenye mpini mrefu kama wa ufagio wa kutolea buibui. Alikuwa anakwenda bondeni kukusanya konokono wa majini. Dada yangu akaitisha kikao cha familia.

"Binti hawezi kushuka bonde peke yake na dereva," alisema. "Mjomba wake yupo. Anakaa tu."

Hilo "anakaa tu" halikupata mpinzani hata mmoja. Skola, mke wangu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliunga mkono. Kabla sijafungua mdomo, alishanikunjia mashuka.

Jioni ile Aneth alikaa nami dukani, nikamwuliza chuo kizima kimekosa nini hadi kitafute konokono. Akachukua betri mbili za redio kutoka rafuni akaziweka mezani. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mtaji akileta anachotaka, na betri zilikuwa za aina mbili zenye ganda moja. Moja ilipiga redio mwezi mzima, nyingine ilikata roho kabla taarifa ya habari haijaisha.

"Mjomba, unazitofautishaje hizi?"

"Mteja akirudi kunitukana, najua ilikuwa ile nyingine."

Akacheka. "Basi konokono nao ndivyo walivyo. Wapo wanaobeba vijidudu vya kichocho na wapo wasiobeba, na ganda ni lile lile. Sisi hatutaki kungoja mteja arudi." Akageuza boksi la sabuni, akanionyesha ile mistari myeusi iliyokuja na bidhaa za siku hizi. "Mashine ikisoma mistari hii inajua ni sabuni gani, hata boksi likiwa limechakaa. Ndani ya nyama ya kila kiumbe kuna vinasaba, yaani maandishi marefu sana ya herufi nne zinazorudiwarudiwa. Tunachukua kipande kimoja kifupi, kile kile kwa kila konokono, tunakisoma. Kila aina ina mpangilio wake. Ganda linaweza kudanganya, kipande kile hakidanganyi."

"Kwa hiyo konokono naye ana mistari yake?"

"Anayo, mjomba. Ila haina bei."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeuza sabuni miaka yote ile bila kujua kwamba nyuma ya boksi kuna somo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mollo, hapa hapa karibu, kwenye kijito kinachopita kati ya mashamba ya mahindi. Baridi ya asubuhi ilikuwa ile yetu ya Ufipa, inayoingia hadi kwenye jino. Nilivaa sweta mbili na koti juu yake, nikawa siwezi kuinama. Aneth alitumbukiza chekecheke chini ya majani ya majini, akalitikisa, akaligeuza kwenye beseni jeupe. Nikaona tope, vijiti, na kitu kidogo kuliko punje ya ulezi kikitembea na nyumba yake mgongoni.

"Huyo!" nilipiga kelele. Mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage ng'ambo akaacha jembe.

Nawaambieni ukweli, nilisisimka kama mtu aliyeokota dhahabu. Pengine ni kwa sababu yule alikuwa kiumbe wa kwanza kukutana naye aliyekuwa na tabia yangu, haendi popote bila nyumba. Kabla jua halijapanda, nilikuwa nimenyakua chekecheke mikononi mwa Aneth na sweta zote mbili zilikuwa zinatiririka maji. Akanifundisha kumtia konokono kwenye chupa ya spiriti kali ili nyama isioze, na kutia humo humo karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali alipookotwa, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Chupa moja ni ya mahali pamoja, alisisitiza. Usichanganye.

Baada ya Mollo tulipanda pikapu ya kukodi tukapita Ntendo, tukaanza kuukaribia ukingo wa bonde. Sikuwa nimeambiwa. Ungekuwa wewe, ungemwambia mtu? Barabara ilipinda nyuma ya miti, na ghafla nchi ikaisha. Chini kabisa, mbali, bonde la Rukwa lilikuwa limetandikwa kama mkeka, na pembeni yake ziwa likimetameta. Nilishika dashibodi.

"Mzee, hiyo dashibodi haitusaidii kusimama," dereva alisema. "Shika moyo."

Kila tulipoteremka kona, joto lilipanda, na mimi nikavua. Koti lilitoka kwenye kona za juu, sweta ya kwanza ikafuata, ya pili ikatoka tukivuka kijito cha mawe. Tulipofika Muze nilikuwa na fulana tu, na nguo zangu zimejaa miguuni mwa Aneth kama mzigo wa mitumba. Kutoka hapo hadi Mtowisa barabara ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi. Sikulalamika. Nilikuwa natoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani bila kujua, nikishangaa mashamba ya mpunga, makundi ya ng'ombe wenye mapembe marefu, na watu waliokaa kivulini wakinitazama kama mimi ndiye kioja.

Alasiri tuliingia kijiji kimoja mbele ya Mtowisa, ambacho jina lake nitakaa nalo mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Fidelis, Mfipa mwenzangu ambaye babu yake alishuka kutoka huku juu, alitupokea kwa heshima na kwa haraka. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Watoto wetu wanakojoa damu," alisema. "Zahanati inawapa dawa, wanapona, wanaugua tena. Zamani hali haikuwa hivi. Imekuwa hivi tangu Masanja achimbe lile lambo lake la ng'ombe. Mmeliona? Tope tupu, na konokono kama mchanga. Kijiji kimeamua lifukiwe. Afisa afya ametuomba tungoje huyu binti apime. Tumengoja. Akisema konokono wale ni wabaya, majembe yapo tayari."

Kwa hiyo tulipopelekwa kulala, tulipelekwa kwa Masanja mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa na nyumba ya wageni, au pengine mwenyekiti alitaka tuyaone macho ya mtu tunayempima.

Masanja alikuwa Msukuma wa umri wangu, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kujibu swali baada ya kulitafuna. Familia yake ilitoka kule kaskazini na ng'ombe wao, ikakaa huku, ikakaa kule, kila mahali maji yalipoisha au wenyeji walipochoka nao. Mke wake, Mama Kulwa, alitupakulia wali na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na kila nilipopunguza alijaza.

"Bila lambo, ng'ombe hawavuki kiangazi," Masanja alisema taratibu. "Likifukiwa nahama. Siwezi kubishana na kijiji kizima."

"Mtahamia wapi?" Aneth aliuliza.

"Sijui. Pacha wangu, Kulwa na Doto, ndio wanaonisumbua moyo. Kila wakishamzoea mwalimu, nawapakia kwenye mkokoteni."

Mama Kulwa aliacha kupakua. Alikuwa anatazama ukuta wa jiko lake, ukuta alioukandika mwenyewe kwa udongo mwekundu na kuuchora maua, na mimi, mtu ambaye kulala nje ya kitanda chake usiku ule tu kulikuwa kunaniuma mgongo, nilijikuta sina hamu tena na mgando.

Kesho yake asubuhi tulikwenda lamboni. Masanja alitusalimu kwa Kisukuma "mwangaluka", nikamjibu "mwangaluka" kwa sauti kubwa kama mtu aliyezaliwa nayo, wakacheka wote. Mwenyekiti hakuwa na neno zuri juu ya lambo, na kusema kweli hata mimi nilipoliona nilishuka moyo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, kwato kila mahali, inzi. Konokono walikuwepo, lakini walijificha kwenye majani ya upande mmoja, na Aneth alichukua wachache tu, chupa haikufika nusu. "Wanatosha," alisema.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kijito cha kijiji, kwa sababu Aneth hachukui mahali pamoja bila kuchukua jirani yake. Kijito kilikuwa kizuri ajabu. Maji meupe yakipita juu ya mawe, akina mama wakifua, watoto wakirukaruka ndani, nguo zimeanikwa kwenye majani. Nikakunja suruali.

"Mjomba! Toa mguu humo!"

"Maji safi haya!"

"Toa mguu!"

Nikautoa, akina mama wakanicheka. Konokono pale walikuwa wengi chini ya majani ya ukingoni, wadogo, wa kahawia, ganda limejikunja kushoto, ndugu kabisa na wale wa lamboni. Niliwaweka wawili kiganjani, mmoja wa huku na mmoja wa kule, nikawageuzageuza. Ningekuwa hakimu ningewafunga wote wawili.

Siku ya kuondoka, Aneth alikuwa anaagana na mwenyekiti, mimi nikapewa kazi ya kupanga kreti kwenye pikapu. Mama Kulwa alikuwa amezitoa chupa ndani, amezipangusa vumbi zinang'aa. Ya lambo ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikafurahi, nikajua Aneth alirudi kuokota wengine. Sikuuliza. Nilikuwa nawaza kitanda changu.

Sumbawanga nilipokewa kama shujaa, kwa sababu nilijitangaza mwenyewe. Kwa wiki kadhaa hakuna mteja aliyeondoka dukani na kiberiti bila kushuka na mimi zile kona hadi Muze. Aneth alirudi Dar na kreti lake. Chuoni wangetoa vinasaba kwenye nyama, kisha vingepelekwa nje ya nchi kusomwa herufi.

Mwezi wa baridi kali, simu yangu iliita. Nilikuwa nayo mpya, tangu mnara ulipowashwa mjini, na bado nilikuwa napokea nikiwa nimesimama.

"Mjomba." Sauti ya Aneth ilikuwa chini. "Majibu yametoka. Wa kijitoni wote ni wabebaji."

"Na wa lamboni?"

"Wengine si wabebaji, ni aina nyingine kabisa. Lakini wabebaji nao wamo. Nimelinganisha herufi mara mbili. Wamo."

Nikakaa chini.

"Kijiji kitasikia hilo moja tu," alisema. "Kwamba wamo. Na mimi nina mitihani. Kule simu hazifiki. Nimtumie nani, mjomba?"

Niliangalia rafu zangu, sabuni zangu, kiti changu chenye mto alionishonea Skola. Nikasikia mtu anasema, "Nitakwenda mimi." Nilipogeuka kumtafuta aliyesema, hakukuwa na mtu mwingine dukani. Skola alikuja kunishika paji la uso kuona kama nina homa.

Safari ya pili nilipanda lori lililokwenda kuchukua mpunga. Ukingo wa bonde ulinitisha vile vile, ila safari hii nilikuwa nyuma, juu ya turubai, na hapakuwa na dashibodi. Bondeni mpunga ulishavunwa, mashamba yamebaki mabua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mtu kwamba nyumba yake imekwisha. Nilipanga mengi mazuri. Nilipofika, Masanja alikuwa machungani, na Mama Kulwa akaja kunipokea mkoba, na maneno yote yakanitoka mdomoni mara moja, bila mpango, hapo hapo uani.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Wabaya wa mtoni wamo kwenye chupa yetu?"

"Wamo, mama."

"Sasa, baba, si lazima wawemo? Mimi ndiye niliyewatia."

"Uliwatia?"

"Chupa yetu mliijaza nusu! Ya mtoni imejaa, yetu nusu, kama ya watu wavivu. Mgeni ametoka Sumbawanga kote huko, anaondoka kwangu na chupa nusu? Asubuhi nilikwenda mtoni kuteka maji, nikaokota wengine, nikawawekea nyongeza."

Nyongeza! Nilikaa kwenye kinu kilichokuwa kimelala pale uani. Mimi, mwenye duka, ambaye kila siku ya Mungu mtu akinunua maharage ananyoosha mfuko na kusema "na nyongeza", na nisipomwekea konzi moja juu ya kipimo anahama duka, sikuwa nimewaza jambo hilo. Aneth na maabara zake za nje hawakuwaza. Vinasaba vilisomwa sawasawa kila herufi. Kisichoweza kusomwa humo ni ukarimu wa Mama Kulwa.

Nilianza kucheka. Yeye alikuwa ameanza kuelewa, na mikono ikampanda kichwani.

"Kwa hiyo nimemfukuza mume wangu kwa mkono wangu?"

"Bado, mama. Bado hajafukuzwa mtu. Mtandao unapatikana wapi hapa?"

Mtandao ulipatikana juu ya jabali moja nyuma ya shule, na kwa kubahatisha, ukisimama kwa kuegemea upande wa Mtowisa. Nilipompa Aneth habari, alipiga yowe la furaha hadi nikaiondoa simu sikioni. Halafu sauti yake ikashuka.

"Mjomba, nani ataamini? Shahidi wetu ni mke wa mwenye lambo."

Mkutano wa kijiji ulifanyika siku iliyofuata, kwenye uwanja wa shule. Wanaume wengine walikuja na majembe kabisa, wameyalaza miguuni. Nilisimama nikaeleza kila kitu, cha Aneth na cha Mama Kulwa, bila kuficha kwamba wabebaji walionekana kwenye chupa ya lambo. Bwana Fidelis alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia watu.

"Kwa hiyo, ndugu zangu, konokono wa mtoni walipanda wenyewe kwenye chupa ya Masanja."

Kicheko.

"Walilipa nauli?" mtu mmoja alidakia nyuma.

Kicheko kikubwa zaidi. Masanja alikuwa amesimama pembeni, akitazama mbele, uso umefungwa. Mama Kulwa alikuwa ameinamisha kichwa. Sijawahi kuhutubia watu zaidi ya watatu, na hao watatu walikuwa wananidai chenji. Lakini nilisogea mbele.

"Jamani," nilisema, "mimi ni mtu wa kukaa. Ulizeni Sumbawanga yote. Kwa hiari yangu sijawahi kwenda hata Msanzi, jirani tu na mjini. Nimekuja juu ya lori la mpunga, nimepigwa na kila shimo, si kwa ajili ya kumdanganya mtu, uongo ningeutuma kwa barua. Nawauliza swali moja. Nani hapa amewahi kununua mchele akaondoka bila nyongeza?"

Upande wa akina mama kukaanza minong'ono.

"Na nani amewahi kumwacha mgeni aondoke na chombo nusu?"

Bibi mmoja wa Kifipa, aliyeketi mbele na fimbo yake, alisema bila kusimama, "Mwenyekiti, hata mimi ningejazia. Chupa nusu ni aibu."

"Shikamoo bibi," nilisema, kwa shukrani.

"Marahaba. Na wewe uliona imejaa hukuuliza. Wanaume!"

Hapo uwanja mzima ulicheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu, nami nilikipokea kwa mikono miwili. Nilimwona mwenyekiti akiwatazama akina mama, akipima upepo. Alikuwa mtu mkali lakini si mtu mbaya, na wawili kati ya watoto waliokuwa wanaugua walikuwa wake.

"Tutarudia," alisema. "Lakini lamboni nitaokota mimi, kwa mkono wangu, mbele ya watu wote. Chupa nitaifunga mimi. Na jibu, Mjomba, utalileta wewe mwenyewe. Sitaki kuambiwa kwa simu. Nataka kukuona usoni."

Tangu siku ile kijiji chote kinaniita Mjomba.

Aliokota. Alivaa gambuti akaingia kwenye lile tope, kijiji kizima kikiwa ukingoni kinamwelekeza kama mchezaji wa mpira, "Kushoto! Chini ya jani! Huyo anakukimbia!" Nami nilikuwa napiga kelele kuliko wote. Mama Kulwa alisimama mbali na mikono nyuma, asije akashika kitu. Chupa ikafungwa, mdomo ukamiminiwa nta ya mshumaa, mwenyekiti akabonyeza kidole chake, Masanja naye cha kwake. Ilikuwa nusu. Hakuna aliyethubutu kuongeza.

Chupa ile ilipanda basi kwenda Dar es Salaam kwa heshima kuliko abiria. Kule bondeni majembe yalirudi majumbani kungoja. Mimi nami nilingoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba kukaa kuna namna mbili. Nilikuwa kwenye kiti kile kile, mto ule ule, na sikupata raha. Kila simu ikiita nilimwaga kitu. Nilikuwa namuwaza Masanja anavyopita kila jioni mbele ya maji yake bila kujua kama ni yake.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika juu ya milima ya Mbizi, Aneth alipiga.

"Safi, mjomba! Lambo ni safi! Wote ni aina ile nyingine, hakuna hata mbebaji mmoja, na wale wa nyongeza wamelingana na wa kijitoni herufi kwa herufi!"

Nilimkumbatia mteja. Alikuwa amekuja kununua mafuta ya taa.

Safari ya tatu ilikuwa ya lori tena, na mvua ya kwanza ikatukuta kwenye kona za chini, tope likipanda hadi kwenye turubai, dereva akiomba watakatifu wote kwa majina. Sikuogopa. Nilikuwa na jibu kifuani na nilitaka kufika.

Uwanjani pale pale nililitoa. Lambo la Masanja halina konokono wabebaji. Upande wa Masanja kulitoka sauti moja, kama mtu aliyetua gunia. Kisha nikasema la pili, kwamba wabebaji wako kwenye kijito. Hapo hakuna aliyecheka. Kijito kile ndiko walikofulia, walikooga, walikokuwa wakiwapeleka watoto kucheza ili wasikaribie lambo. Mwenyekiti alinitazama usoni, kama alivyotaka, muda mrefu.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Mto hatuwezi kuufukia," alisema polepole.

"Hakuna haja," nikamjibu, nikirudia alichonifundisha Aneth. "Kichocho huingia kwa ngozi, mtu akiwa ndani ya maji wanamokaa konokono wale. Na kinafika kwao kwa mkojo wetu wenyewe. Watoto wasiingie, vyoo vitumike, zahanati iwape dawa wote kwa pamoja, na kufua kuhamie kwingine."

"Kwingine wapi?"

Hakuna aliyetaja. Wote walijua maji mengine yalikuwa wapi, na yalikuwa ya nani. Masanja aliutafuna ule ukimya, kama kawaida yake, mpaka nikatamani kumsukuma.

"Tekeni kwangu," alisema mwishowe. "Kwa ndoo, mfulie mbali, msiingie. Ya kunywa msiteke, ng'ombe wanachafua. Tutachimba mfereji mdogo, ng'ombe wanywe upande wa chini."

Kesho yake majembe yalikuja lamboni. Bwana Fidelis ndiye aliyepiga la kwanza. Alipofika alisimama mbele ya Masanja, akavua kofia. Masanja akamwonyesha mfereji upite wapi. Wakaanza kuchimba, na mabega yao yakikaribiana wakawa wanapishana tu, mpaka mwenyekiti alipoteleza akakalia tope, na Masanja akamnyanyua, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliochoka.

Mkiniuliza nilichojifunza, nitawaambia kwamba nimejua konokono wawili wenye sura moja si lazima wawe ndugu, na kwamba jibu la maabara, hata likiwa sahihi kila herufi, linahitaji mtu wa kupanda nalo lori na kuulizwa maswali uwanjani. Jambo la tatu silijui vizuri kulisema. Nilikuwa nikidhani mtu anayependa nyumbani kwake ni yule asiyetoka. Masanja ametembea nchi nzima, na sijaona mtu anayependa nyumbani kuliko yeye.

Aliponisindikiza kwenye lori hakunishukuru sana, si mtu wa hivyo. Alinisaidia kupanda, akashika ubao wa lori, akatafuna jambo, halafu akaniuliza bati mjini zinauzwaje siku hizi. Anataka kuezeka nyumba, nyasi zinavuja.

Nimemwambia Skola kwamba bati hizo nitazipeleka mwenyewe. Ameanza kunilalamikia kwa dada yangu kwamba siku hizi sikai nyumbani.